Barua kwa mwanangu: Futa, usihamishe

Ngamiani, Tanga

Mwanangu, somo wa mama yangu,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo. Mguu wa mama yako umepungua kuuma, machungwa ya Muheza yameanza kushuka bei, na kaka yako bado hajanirudishia baiskeli yangu. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Ile orodha yako ya vitabu nimeipata. Kwenye simu ilinishinda, herufi ndogo na kila nikigusa inaruka, nikampelekea kijana wa steshenari barabara ya kumi na mbili akanichapia. Zimetoka karatasi tisa. Akaniuliza, "Mzee, unafungua duka?" Nikamwambia ni vitabu ambavyo binti yangu anataka kuvisoma. Alizitazama tena zile karatasi, akanipunguzia bei.

Umeniomba nikusaidie kupunguza. Nimekaa nazo barazani jioni kadhaa na kalamu nyekundu, na mengine nimekata bila huruma kama utakavyoona. Lakini kabla ya vitabu vyenyewe tupige hesabu, maana mimi nimekula mshahara wa ukarani wa bandari maisha yangu yote na karatasi isiyojumlishwa hainipi usingizi.

Vitabu 312. Mwenyewe umesema ukijitahidi unamaliza kimoja kwa mwezi. Hiyo ni miaka 26. Leo una 31, basi utafunga cha mwisho ukiwa na 57. Tena hapo nimekadiria kwamba kuanzia leo huongezi hata kimoja, na tarehe ulizoandika pembeni zinasema vingine: mwaka jana peke yake umeongeza 60. Umesoma 12, umeongeza 60, orodha imerefuka kwa 48. Chukulia umepata nguvu za ajabu ukasoma mara tatu ya unavyosoma sasa, yaani 36 kwa mwaka. Bado itakuwa inarefuka kwa 24. Kwa hiyo yale maneno yako kwamba umekuwa mvivu, yaache. Hata asiye mvivu haimalizi hii. Dawa yake ni kalamu, na kuziba pale inapoingilia.

Kilichonisumbua zaidi si idadi. Ni pale uliposema kwamba usiku ukitoka kazini unaifungua orodha, unaipitia juu mpaka chini kutafuta cha kuanza nacho, kisha unalala hujasoma hata ukurasa. Hilo nalijua kutoka bandarini. Zamani, kabla kina cha gati letu hakijaongezwa, meli kubwa zilitia nanga nje huko na mizigo ikaletwa gatini kwa matishari, yale mashua bapa ya kubebea shehena. Mgeni akiona kazi imesimama alidhani tishari ni bovu. Kumbe mara nyingi ni shedi, yaani ghala la gatini: mizigo ya nyuma wenyewe hawajaja kuitoa, tishari limefika na halina pa kushushia. Wewe macho yako mazima na hamu unayo. Shedi ndiyo imejaa.

Sasa tuingie ndani. Mstari wa 41 umeandika "Shakespeare, vyote." Mwanangu, huo si mstari mmoja. Yule bwana ameacha tamthilia zaidi ya 35, achilia mbali mashairi. Mstari wa 88, "Riwaya za Kezilahabi," ni vitabu sita. Nimehesabu mistari ya namna hii nikakuta tisa, na ukiifungua kila mmoja orodha yako inapita 400. Mstari unaosema "vyote" mimi siutambui. Atakayekuja kusoma ni mtu mmoja kwa usiku mmoja, naye atashika kitabu kimoja. Kwa Shakespeare nimekuachia Mabepari wa Venisi, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere ikatoka 1969, kwa sababu utasoma wawili kwa mpigo: Mwingereza na Mwalimu aliyekuwa akiongoza nchi huku akipima mizani ya Kiswahili cha mashairi. Ikikunogea, Juliasi Kaizari ipo, hiyo nayo ni kazi yake. Isipokunogea, umemalizana na Shakespeare na hakuna atakayekushtaki.

Kwa Kezilahabi chagua mwenyewe, ila nikupe tahadhari. Nagona ya 1990 umeiweka kwenye fungu la "vyembamba, vya haraka." Ni chembamba kweli. Haraka hakuna. Kile ni kitabu cha kusoma ukurasa, ukafunga, ukaenda kuchota maji, ukarudi kuusoma tena. Ukitaka cha kukuvuta usiku baada ya kazi anza na Rosa Mistika. Wembamba wa kitabu ni kipimo cha mwuza karatasi.

Halafu Gurnah. Vitabu vyake sita umeviandika siku moja, na tarehe uliyoweka ni Oktoba 2021, wiki ileile aliyotangazwa kupewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Hapo nilicheka. Sikulaumu, nchi nzima ilikuwa hivyo, hata watu ambao hawajashika kitabu tangu darasa la saba walikuwa wakimzungumza kahawani. Lakini hebu jiulize: kati ya hivyo sita, kipi ulikitaka wewe, na kipi ulikitaka kwa sababu ya shangwe? Nimekata vitano. Kimebaki Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya ile riwaya ya 1994, kwa kuwa humo mna kijana anayefuata msafara kutoka pwani kwenda bara, na hadithi za misafara wewe ulizipenda tangu unakaa mapajani mwa bibi yako. Hiyo ni sababu yako. Nobel ni sababu ya Sweden.

Na hiki ndicho kipimo nilichokitumia karatasi zote tisa: huyu kitabu nani alimleta, na mwanangu anamtaka nini? Mahali ulipoandika pembeni, nimekuachia. Kwa mfano kile cha historia ya mkonge uliandika "nijue babu alikuwa akifanya nini Amboni." Hata kiwe kinene kama tofali, hicho kibaki, tena kipande juu. Lakini kuna majina mengi mno yaliyosimama peke yake, hayana neno pembeni, na nina hakika ukiulizwa leo yaliingiaje hutakumbuka. Mtu alisema "usife kabla hujakisoma," ukaandika. Mwingine akapiga picha ya kitabu karibu na kikombe cha kahawa, ukaandika. Hayo nimeyapiga mstari bila kuyafungua, na mkono haukutetemeka.

Vile vya mafanikio, vya kuamka alfajiri na kutajirika na kuwa na tabia za watu wakubwa, nimevikuta zaidi ya arubaini. Mwanangu, alfajiri unaamka tangu ulipofundishwa kuswali. Nimekuachia kimoja, kile cha kutunza fedha, kwa vile uliniambia unataka kujenga.

Kuna jambo la softikopi pia. Karibu nusu ya orodha ni vitabu ulivyotumiwa kwenye simu, vya bure, na vingine havikuwa halali ya aliyekutumia. Achana na suala la mwandishi kukosa haki yake, ingawa hilo nalo ni zito. Nasema kuhusu wewe. Kitabu ulichokinunua kwa shilingi zako kinakutazama pale mezani. Kitabu cha kuazima kina tarehe ya kurudisha, na mimi nimesoma vingi maishani kwa kuogopa tu kurudi maktaba ya mkoa kitabu kimepitisha siku na mama wa kaunta ananitazama juu ya miwani. Cha bure kwenye simu hakina mezani wala tarehe. Kinaingia sekunde moja na kinakaa milele. Hapo Dodoma maktaba ya mkoa ipo. Chukua kadi.

Ile kanuni uliyonitumia ya mkutubi wa Seattle, Nancy Pearl, nimeipenda sana. Soma kurasa 50, kisipokuingia kiache. Ukishavuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, jibu ndilo idadi ya kurasa unazokidai kitabu. Mimi na miaka yangu 63 nadai kurasa 37 tu. Na anasema ukifika 100 una ruhusa ya kukihukumu kwa jalada lake, jambo ambalo jirani yetu wa barabara ya kumi na tatu tayari analifanya na hajafika 70. Itumie. Ila angalia, kanuni hiyo inamhusu aliyekwisha kufungua kitabu. Ugonjwa wako uko nyuma ya hapo, kwa hivi 300 ambavyo hata ukurasa wa kwanza hujauona. Na kwa kitabu kama Nagona, kurasa 50 ni sehemu kubwa ya safari yenyewe, utakuwa umekaribia kufika ndipo uamue kama uende.

Sasa nije kwenye ugomvi wetu. Kabla hujanitumia, ulikuwa umekwisha kukata baadhi mwenyewe, na nimeona Shaaban Robert umemkata mzima, pembeni umeandika "nilisoma shuleni." Hapana, mama. Shuleni hukukisoma kitabu chake Kusadikika. Shuleni ulitafuta dhamira tano na wahusika wanne wa kujibia mtihani, ukapata alama nzuri, nikakununulia viatu. Wakati ule ulikuwa mtoto, hujawahi kukaa kikaoni ukaona mtu anasema jambo la maana na mkubwa anakunja uso. Leo una ofisi, una bosi, una vikao. Msome sasa Karama akisimama barazani kwa kosa la kufundisha sheria, na Waziri Majivuno akimshitaki, na wale wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo mema wakaishia kifungoni. Kimetoka 1951 na hakina kurasa nyingi. Utamaliza Jumamosi moja, na Jumatatu utawatazama wenzako kwa jicho jingine.

Nina upendeleo, nakiri. Yule ni mtu wa hapa kwetu, mzaliwa wa Vibambani 1909, na kaburi lake liko Machui. Tena ni karani mwenzangu: kutoka 1926 mpaka 1944 alikuwa Idara ya Forodha, Pangani amekaa, akiandika mizigo ya watu mchana. Wenzetu wa makaratasi ndio waliokuwa na uchu wa kuandika kitu ambacho si risiti. Lakini hata angekuwa mtu wa Mwanza ningekurudishia viwili. Hicho Kusadikika, na Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Humo ndani mna Utenzi wa Hati, aliomwandikia bintiye Mwanjaa, mtoto aliyefiwa na mama yake. Si kila neno mle utalikubali. Mawaidha yake kwa mwanamke ni ya zamani zile na wewe utabishana naye, nami natamani niwepo nikusikie. Nakutaka ukisome kwa sababu ya sauti ya baba anayejua hatakuwepo kila siku, na anayejitahidi asiseme hivyo.

Najua utasema nimeitwa kupunguza nimeongeza. Ndiyo. Viwili nimerudisha, 270 na kitu nimekata. Hesabu inanitetea.

Waliobaki wamepungua arubaini. Kati yao chagua 12, vya mwaka mmoja, viandike kwa mkono kwenye karatasi ya daftari uibandike ndani ya mlango wa kabati. Cha kumi na tatu kikija na kelele zake, lazima kimtoe mmoja, na wewe uwe na ujasiri wa kusema ni nani anatoka. Hivi vingine ishirini na kitu kaa navyo kando, visikutishe.

Na vile nilivyokata, futa. Usihamishe. Nakujua, utafungua faili jingine uliite "baadaye" na utamimina humo vyote 270, kisha usiku utakuwa na mafaili mawili ya kupitia badala ya moja. Utaniuliza, je, kama humo mna kizuri kikapotea? Kitabu kizuri hakipotei hivyo, mwanangu. Mtu utakayemheshimu atakitaja tena, au utakikuta kwa rafiki, au mstari wake utausikia redioni. Kikirudi mara ya pili kitakuja na mtu na sababu, na wewe utakuwa na nafasi.

Namba 207, kile cha mapishi ya pwani, nimekata bila kukuuliza. Mama yako alikiona akacheka mpaka akashika ubavu. Anasema ukitaka samaki wa kupaka mpigie simu, tena mchana, usiku anasikiliza taarabu yake. Maisha Yangu nakutumia nakala yangu kwa basi la Ijumaa, imefungwa gazeti, utamkuta kondakta stendi. Jalada limechoka na nimeandika kwa penseli pembeni, usifute. Usimwazime mtu.

Wasalaam,
Baba yako