Wageni wa kora, tabla na udi wakishuka Tabora

Ujiji, Kigoma
14 Juni

Mtani wangu,

Salamu kutoka huku ziwani. Mvua imeshakata, dagaa wanaanikwa mpaka barabarani, sote hatujambo.

Barua yako imefika. Wapigaji watatu, wa kora (kinubi cha kibuyu) kutoka Mali, wa tabla (ngoma ndogo mbili) kutoka India na wa udi (ala ya nyuzi, jamaa ya gita) kutoka Unguja, siku sita hapo Tabora mwezi wa nane, wapige na wafundishe. Unaniuliza ukumbi uwe wa watu wangapi. Hilo liache kwanza. Ukumbi utapatikana, na kwa masomo hata kivuli cha mwembe kinatosha. Kitakachokutoa jasho ni hewa ya Agosti huko kwenu, kavu kama kaukau, na ala hizi zote ni ngozi, mbao na kibuyu.

Anza na udi. Uso wake ni ubao mwembamba sana uliogundishwa kwa gundi, na umezoea unyevu wa bahari. Ukifika Tabora mbao zinanywea. Kama bahati ni mbaya ubao unapasuka kwa kufuata nyuzi za mti. Bahati ikiwa nzuri, kipande cha ndani kinaachia gundi na udi unaanza kunguruma kama nyuki kwenye chupa. Nunua kisahani cha sabuni chenye matundu na sifongo. Lowesha sifongo, ikamue mpaka isidondoshe hata tone, itie kwenye kisahani, kiweke ndani ya kasha upande wa shingo, kisiguse mbao. Kila asubuhi ipapase. Ikikauka, lowesha tena. Kasha lifungwe muda wote udi usipopigwa. Tena mwambie mgeni kabla hajasafiri ashushe nyuzi zote kwa nota moja, asizilegeze kabisa.

Ngozi hutenda kinyume cha ulivyozoea kusikia kwetu. Huku wakati wa masika ngozi inanyonya unyevu, inalegea, na wapigaji wanaiotesha moto. Kwenu mwezi wa nane inajivuta yenyewe, sauti inapanda bila mtu kuigusa, na ngoma iliyoachwa imekazwa juani inaweza kupasuka usiku watu wamelala. Kwa hiyo kivuli na blanketi. Gari lililoegeshwa juani ni marufuku kwa ala yoyote, hata kwa nusu saa ya kula wali.

Tabla ina balaa lake. Ni mbili: ya kulia ya mbao, dayani, na ya kushoto ya chuma, bayani. Lile duara jeusi juu ya ngozi ni uji mzito uliopakwa tabaka kwa tabaka na kusuguliwa, wenye unga wa chuma ndani yake, na ndio unaoipa tabla sauti ya kengele. Maji hayatakiwi hapo, wala mafuta, wala kucha ya mtoto mdadisi. Likibanduka kidogo tu ngozi imekwisha, na fundi wa kuibadilisha hayupo Tabora wala Kigoma. Wanafunzi wanawe mikono, waikaushe, wapake poda. Hiyo poda inunue wewe, kopo mbili.

Kora ina nyuzi 21 juu ya nusu kibuyu kilichofunikwa ngozi ya ng'ombe. Kile kidaraja kinachobeba nyuzi hakikugundishwa, kinasimama kwa mvuto wa nyuzi peke yake. Mtu mwema akizilegeza zote "ili ipumzike", kidaraja kinalala, na hapo mgeni wako atatumia asubuhi nzima kukisimamisha. Muulize mapema nyuzi zake zimefungwa kwa pete za ngozi au kwa vigingi kama vya gita. Za pete zinahitaji utulivu wa saa nzima kabla ya kupiga, na mtu asije kumsalimia. Nyuzi zenyewe siku hizi ni nailoni, mshipi ule ule wa kuvulia. Kwa hilo Kigoma tunakushinda: nakutumia mishipi ya unene mbalimbali, kuanzia karibu milimita 0.7 hadi karibu 2. Ukikatika uzi, asihangaike.

Sasa kutyuni pamoja, yaani kulinganisha sauti za ala. Kosa la kawaida ni kuleta kinanda, kubonyeza do, na kuwaambia wote wafuate. Usifanye hivyo. Aliye mgumu kusogea ndiye anayefuatwa. Dayani ya tabla inapanda au kushuka kidogo tu kwa usalama, tuseme nusu nota hadi nota moja, kwa hiyo muulize mpigaji wake sasa hivi, kabla hajafunga mzigo, dayani zake ni za nota gani. Kora mara nyingi hukaa kwenye fa. Udi wa Kiarabu wa huko Unguja hutyuniwa do, fa, la, re, sol, do kutoka chini, yaani fa na do zinapatikana kwa uzi mtupu. Basi wimbo wa pamoja uwe wa fa, na dayani iwe ya do au ya fa. Wasijaribu maqam (mpangilio wa nota wa Kiarabu) ya rast pamoja na kora. Rast ikianzia do ina mi na si zilizoshushwa karibu robo nota, na kora haina nota hizo mpaka ityuniwe upya. Rast mwache mtu wa udi aipige peke yake. Watu wataisikia vizuri zaidi.

Na ukipata wazo la kumwongeza mpiga ilimba (ala ya vijiti vya chuma vinavyobonyezwa kwa vidole gumba) wa Kigogo kutoka Dodoma, usimwombe abadilishe vijiti vyake vilingane na kinanda. Ilimba imetyuniwa kwa sikio jingine kabisa. Na ule mvumo wa utando wa buibui ni sehemu ya sauti. Fundi mitambo asijaribu kuusafisha.

Kuhusu kufundisha. Mpigaji hodari si lazima awe mwalimu, hilo unalijua. Lakini wapo walioyabeba yote mawili. Ali Akbar Khan wa sarodi, ala ya nyuzi ya India, alianzisha chuo California mwaka 1967, akifundisha kwa kuimba mstari na wanafunzi kuurudisha kwa ala. Mamady Keïta wa Guinea alifungua shule ya jembe, ile ngoma ya Afrika Magharibi, Brussels mwaka 1991. Kwetu, Hukwe Zawose alipiga dunia nzima na bado akawa mwalimu wa chuo cha sanaa Bagamoyo. Wageni wako waulize swali moja tu: dakika 20 za mwanzo, mwanafunzi asiye na ala atafanya nini? Asiye na jibu, mpe onyesho na mazungumzo, usimpe darasa.

Kwa tabla jibu lipo tayari, kwa sababu Wahindi husema mpigo kabla ya kuupiga. Kwa hiyo jozi mbili za tabla zinatosha darasa la watu 15. Somo la kwanza liwe tintali, mzunguko wa mapigo 16, uandike ubaoni hivi:

dha dhin dhin dha
dha dhin dhin dha
dha tin tin ta
ta dhin dhin dha

Onyo la kwanza, na hili mgeni hatalijua: watoto wetu wataisoma hiyo "dha" kama ya dhahabu. Siyo. Ni d yenye pumzi nyuma yake, kama unapuliza vumbi kwenye kitabu. Wasome kwa mdomo, polepole, pigo moja kwa sekunde, na mikono ifanye kazi nyingine: kofi pigo la 1, kofi la 5, la 9 usipige kofi bali geuza kiganja juu hewani, kofi la 13. Dakika kumi za hivyo hivyo, hakuna kugusa tabla.

Watapotea kwenye 10. Ukisikiliza utaona kwa nini. Silabi zenye dh ni mikono miwili, bezi ya bayani iko ndani. Kwenye tin tin ta, na ta inayofuata, bezi inanyamaza, inabaki sauti ya dayani tu, mpaka pigo la 14 inaporudi kukukokota nyumbani kwenye 1. Aliyezoea ngoma ambayo bezi haiondoki husikia ule utupu akadhani ameachwa, akakimbia. Dawa yake ni kuwagawa: kundi moja liseme silabi zote, jingine liseme "mmh" ya kifuani penye dh tu, likae kimya kuanzia 10 hadi 13. Baada ya hapo hawapotei tena. Kuongeza kasi kusubiri siku ya tatu, na mtu asiyeweza kusema asipewe tabla hata akilia.

Darasa la udi, nisikilize kwa makini, usilijaze wapiga gita. Vidole vyao ni vyepesi lakini masikio yao yamezoea mistari ya chuma kwenye shingo ya gita, na udi hauna mistari. Nenda kwenye vikundi vya kaswida, Tabora haikosi. Mtoto wa madrasa aliyesikia kisomo tangu utoto ile mi ya rast iliyoshushwa robo anaiimba kabla hujamweleza. Aimbe kwanza, kisha aitafute kwa kidole mpaka sauti ya udi izame ndani ya sauti yake. Watu wanane kwa udi mbili, zamu za dakika tano. Wengine wakati huo wanapiga makofi ya mahadhi, hawakai kutazama simu. Risha, kile cha kupigia nyuzi, ishikwe kifundo kikiwa kimelegea. Akikaza mkono, nyuzi mbili za jozi zitasikika kama mbili.

Kora si ya kufundisha watu wengi. Wanne, basi. Vidole gumba na shahada za mikono miwili ndizo zinazofanya kazi, vingine vinashika vijiti viwili vya mkono. Nyuzi 11 ni za kushoto na 10 za kulia, na nota zinapanda kwa kurukaruka mkono hadi mkono. Kuna watakaokushauri uandike namba kwenye nyuzi. Dumisani Maraire wa Zimbabwe alitumia namba kufundisha mbira ya nyunga nyunga, ala ya vijiti kama ilimba, huko Seattle na zilimfaa, maana vijiti ni 15 na viko mbele ya macho. Kwenye nyuzi 21 namba zinamfanya mwanafunzi ainame achungulie, na akichungulia gumba linasimama. Wajifunze zile za gumba la kushoto kwanza, bezi inayojirudia, siku mbili nzima, wakiimba juu yake.

Mkalimani asiwe mwalimu wa Kiingereza kwa sababu tu anajua Kiingereza. Atatafsiri "piga pembeni" kuwa jambo la aya nzima. Tafuta mwanamuziki mwenye lugha chache. Wa Mali huenda akapendelea Kifaransa, na hicho huku Kigoma kipo sokoni, kwa Wakongo na Warundi. Nikikuletea kijana mmoja kwa nauli na posho atakufaa kuliko mtu mwenye shahada.

Umegusia kuwachanganya na wapiga ngoma wa Kirundi wa upande wetu usiku wa mwisho. Nakushauri wapewe nafasi yao peke yao, wafungue. Wanaingia na ngoma vichwani wakiwa wanapiga, wanaweka nusu duara, ya katikati ndiyo inayoongoza, na ule mpangilio UNESCO waliuorodhesha mwaka 2014 ukiwa kamili, ngoma, mashairi na mchezo. Kuwaambia "punguzeni kidogo kora isikike" ni kuwatukana. Tena waulize wenyewe kuhusu wasichana kushika fimbo: Burundi agizo la 2017 limewazuia wanawake, na vikundi vya huku kila kimoja kina msimamo wake. Usije ukamsimamisha binti jukwaani mbele ya wazee bila kuuliza.

Ratiba: masomo asubuhi, saa tatu hadi saa nne na nusu, na tena saa tano hadi saa sita na nusu. Mchana kimya. Wasifundishe siku ya onyesho. Vidole vya kora na udi vikivimba kwa kuonyesha watoto, usiku utasikiliza samahani. Malipo ya kufundisha na ya kupiga yaandikwe mbalimbali, kwenye karatasi moja, kabla hawajapanda gari. Ukiyaunganisha kila mmoja atadhani kile anachokipenda ndicho kinacholipwa, na kingine ni msaada.

Sauti: kwa watu chini ya 80 ndani ya ukumbi usiweke maiki kwa tabla. Udi upewe moja, karibu na tundu lakini si mbele yake kabisa, sentimita 20 hivi. Kora ikianza kuvuma kwenye spika, fundi mitambo ashushe bezi ya spika ile inayomwelekea mpigaji, asishushe kora yote. Kibuyu ni spika tayari, kinaitikia kila kitu. Na umeme ukikatika, usiombe radhi. Wasogeze watu mbele, waendelee.

Mishipi ya kora nimeifunga kwenye gazeti, iko ndani ya kiroba cha migebuka, kwa hiyo ifungue haraka isinuke. Usisahau asali yangu, lita mbili, ile ya miombo, siyo ya dukani. Niandikie dayani ni za nota gani mara tu utakapojibiwa, na pia kama yule kijana wa kutafsiri Kifaransa nimwambie au nisimwambie.

Wako,
mtani wa Ujiji