Wati 2200 kwenye boksi si nguvu ya kuvuta vumbi

Mteja wetu mmoja wa Kiamunyi alituletea mashine ya kuvuta vumbi aliyoinunua juzi tu, akiamini imeharibika. Boksi limeandikwa wati 2200 kwa herufi kubwa. Ile yake kuukuu ni ya wati 1200, na bado kapeti la sebuleni lilikuwa likitoka safi zaidi. Tuliifungua, tukaipima: haikuwa na hitilafu. Mama wa watu alikuwa ameuziwa namba. Jambo hili linatuuma, maana hapa Nakuru si yeye wa kwanza.

Wati za kwenye boksi ni stima ambayo mota inakula. Ni sawa na kumpima kibarua kwa sahani za ugali anazomaliza na kuacha kuangalia mistari aliyolima. Washa mashine ya wati 2000 kwa nusu saa, uniti nzima ya tokeni imeenda, na sehemu kubwa yake imegeuka joto na kelele.

Kinachobeba vumbi ni vitu viwili vikifanya kazi pamoja: mvuto, unaopimwa kwa kilopaskali, na hewa inayopita, inayopimwa kwa lita kwa sekunde. Zidisha moja kwa nyingine upate wati za hewa. Kwa mfano, kilopaskali 20 na lita 15 kwa sekunde ni wati 300 za kazi halisi. Lakini chunga sana hapa. Mvuto mkubwa kabisa hupimwa mdomo ukiwa umezibwa, wakati hakuna hewa inayopita. Hewa nyingi kabisa hupimwa bomba likiwa wazi, wakati mvuto umeshuka karibu na sifuri. Muuzaji akikutajia zote mbili zikiwa kileleni, muulize kama zilipimwa kwa wakati mmoja.

Umoja wa Ulaya uliona tatizo hili. Kuanzia Septemba 2014 uliweka kikomo cha wati 1600 kwa mashine za nyumbani za kuchomeka ukutani, na Septemba 2017 ukakishusha hadi 900. Watengenezaji wakalazimika kutafuta usafi kwenye feni, mipira ya kuzuia hewa isivuje, na umbo la mdomo.

Sauti nayo huwadanganya watu. Ziba mdomo wa mashine kwa kiganja, utasikia mota ikipandisha sauti, na wengi hudhani hapo ndipo inapojituma. Sivyo. Feni imekosa hewa ya kusukuma, kwa hiyo inazunguka kasi bila mzigo na hata stima inakula kidogo. Kibaya ni kwamba katika mashine nyingi za vumbi kavu, hewa hiyo hiyo ndiyo inayopoza mota. Ukisikia sauti imekuwa nyembamba katikati ya kazi, zima kwanza, halafu utafute kilichoziba.

Mara nyingi ni chujio. Vumbi letu la udongo wa volkano ni laini kama unga, hasa Januari na Februari, nalo hujaza chujio kabla hata tanki halijafika nusu. Likung'ute nje kila ukimaliza kazi. Kama ni la kuoshwa, lioshe na uliache likauke kabisa kabla ya kulirudisha, kwa sababu vumbi likikutana na unyevu linakuwa tope.

Mdomo pia uendane na sakafu. Brashi inayozunguka inafaa kapeti fupi, lakini kwenye yale ya manyoya marefu hujisokota na inaweza kuchoma mkanda.

Ukija dukani, beba mashine pamoja na bomba, mdomo na chujio lake. Tunamwaga gramu 50 za mchanga mkavu kwenye kipande cha kapeti, tunavuta mbele yako, halafu tunaweka kilichoingia tankini kwenye mizani. Yule mama aliona mwenyewe mashine yake kuukuu ikibeba zaidi. Tuliibadilishia bomba lililopasuka, akarudi nayo nyumbani.