Barua kwa wazazi na walezi: kambi ya stadi za kazi wakati wa likizo

Ndugu wazazi na walezi,

Salamu kutoka shuleni. Muhula umekwisha salama. Ripoti za maendeleo mtazikuta kwenye mabegi ya watoto, na vitabu vya maktaba ambavyo havijarudishwa tunaviomba kabla ya shule kufungwa. Kuhusu mitihani, ripoti zimeshaeleza, na walimu wa madarasa wako tayari kufafanua kwa yeyote atakayefika. Barua hii nataka niitumie kwa jambo moja: kambi ya likizo ya wanafunzi wa miaka 13 hadi 17. Wengi wenu mmeniuliza habari zake, na baadhi mmenieleza wazi kwamba hamuoni faida yake.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Mwalimu, mtoto atatoka huko na cheti gani?" Atatoka na karatasi inayotaja kazi alizofanya, yenye saini ya msimamizi wake. Hata hivyo, sababu yangu ya kuwaomba mumruhusu ni nyingine. Hapa shuleni tunampima mtoto peke yake. Ana dawati lake na karatasi yake ya mtihani, na akimwonyesha mwenzake jibu anaadhibiwa. Siku atakapoajiriwa, au atakapoanzisha shughuli yake mwenyewe, karibu kila atakachokishika kitakuwa kimepita mikononi mwa wengine: mmoja amepima, mwingine amekata, wa tatu ameandika risiti, wa nne yuko mlangoni anamjibu mteja. Kujitegemea tumewafundisha miaka yote, na ni jambo jema. Kutegemewa tumewafundisha kidogo mno. Kambi hii tumeianzisha kwa ajili hiyo.

Niwape mfano mmoja kutoka kambi iliyopita. Kundi moja lilipewa kazi ya kutengeneza rafu ya maktaba, rafu ya kweli ambayo vitabu vingepangwa. Mvulana mmoja mwenye uzoefu wa useremala aliushika utepe wa kupimia tangu asubuhi. Ncha ya utepe ilikuwa imepinda, kwa hiyo akaanza kupima kwenye alama ya sentimita 10, kama mafundi wanavyofanya mara nyingi, ila akasahau kuziongeza hizo 10 mwishoni. Msichana aliyeshikilia ubao upande wa pili aliliona kosa. Alifungua mdomo, akaufunga. Msumeno ukapita, na ubao ukatoka mfupi kwa sentimita 10 kamili.

Jioni, kwenye kikao cha kundi, msichana yule alisema, "Niliona, lakini yeye ndiye fundi." Hakuna aliyecheka. Msimamizi akamgeukia mvulana, akamuuliza kama angemsikiliza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kweli tupu: pengine asingemsikiliza. Baada ya hapo wakatunga kanuni yao wenyewe, bila kuelekezwa na mtu mzima: ubao haukatwi mpaka mtu wa pili apime upya na kutaja namba kwa sauti. Kesho yake niliwaona wakiifuata kwa makini kuliko wanavyofuata kanuni nyingi za shule. Ubao ule mfupi waliugeuza kuwa kigawanyo cha katikati, na rafu iko maktaba mpaka leo.

Walichokigundua vijana wale ndicho kinachofuatwa mahali ambapo kosa dogo huua. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi kwa ajili ya vyumba vya upasuaji. Kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani anajitambulisha kwa jina na kazi yake, kisha wanathibitisha pamoja mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Orodha ilipojaribiwa katika hospitali nane za sehemu mbalimbali za dunia, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009. Madaktari walikuwa walewale, na elimu yao ileile. Kilichoongezeka ni utaratibu unaompa kila mmoja nafasi ya kusema kabla mambo hayajaharibika. Natamani mtoto wenu ajizoeze kusema hivyo akiwa na miaka 14, mbele ya ubao, ambapo hasara yake ni ubao tu.

Makundi yatakuwa ya watu watano, nasi hatutayaongeza hata maombi yakizidi. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1913 yalionyesha kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka, ndivyo nguvu anayotoa kila mmoja inavyopungua. Nadhani kila mwalimu aliyewahi kutoa kazi ya kundi la watu kumi amelishuhudia hilo: wawili wanafanya, wanane wanaandika majina yao juu ya karatasi. Kambini kila kazi itaandikwa ubaoni pamoja na jina la anayehusika nayo, na uongozi wa kundi utabadilika kwa zamu, ili mkimya aongoze na msemaji ajifunze kuongozwa. Kufagia, kuosha vyombo, kubeba mbao na kutunza daftari la fedha ni zamu za wote, wavulana kwa wasichana.

Kila jioni kundi litajibu maswali matatu: tuliahidi nini, tumefanya nini, nani anamsubiri nani. Hilo la tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote. Kijana anaposikia mwenzake akisema, "Nimekaa tangu saa nne namsubiri yeye," na huyo "yeye" ni yeye mwenyewe, anaelewa maana ya kuchelewa kuliko angechapwa au kukaripiwa.

Mambo mengine ya kazi yamo pia. Watajifunza kuandika barua ya maombi, kupokea simu ya mteja mwenye hasira, kuweka kumbukumbu za mapato na matumizi, na kutambua hatari mahali pa kazi kabla ya kugusa kifaa chochote. Kutakuwa na usaili wa mazoezi, na wanaowahoji ni watu wasiowajua. Kuhusu wasifu, vijana wengi huniambia hawana cha kuandika kwa sababu hawajawahi kuajiriwa. Huwa nawauliza wanafanya nini nyumbani. Yupo anayewaandaa wadogo zake watatu kila asubuhi na kuwafikisha shuleni kwa wakati, na hajawahi kuhesabu kwamba huko ni kupanga muda na kubeba dhamana. Msaidieni kuyakumbuka hayo kabla hajaja. Wazazi mnayaona mambo ya watoto wenu ambayo sisi hatuyaoni.

Sasa nifike kwenye ombi langu kubwa. Katika siku za mwanzo mtapigiwa simu. Mtoto atasema kundi lake halifai, fulani anaamrisha, fulani mvivu, na kwamba anataka kurudi nyumbani. Bruce Tuckman, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1965 kwamba makundi hupita hatua: watu hukutana na kuchunguzana, kisha hukwaruzana, kisha huelewana, ndipo kazi husonga. Simu hiyo mtaipata wakati wa kukwaruzana. Nawasihi sana msimwondoe mtoto siku hiyo. Msikilizeni mpaka amalize, kisha mwulizeni amemwambia nani kambini na amejaribu nini. Msiahidi kunipigia mimi nimhamishe kundi. Mkimtoa hapo, atakuwa ameonja ugomvi wa kundi na kuikosa sehemu ambayo ugomvi unageuka mazungumzo, na ataamini kwamba kufanya kazi na watu ndivyo kulivyo siku zote.

Ninazungumzia kukwaruzana kwa kawaida. Mtoto akisema anapigwa, anatishwa, anaguswa vibaya au anadhalilishwa, nipigieni saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Hilo halina hatua ya kusubiriwa. Wasimamizi wote wameshapewa maelekezo ya namna ya kulishughulikia, na hakuna msimamizi atakayekaa faragha na mwanafunzi mmoja mlango ukiwa umefungwa.

Baadhi yenu mmeuliza kama tunawatumikisha watoto. Nimefurahi mmeuliza. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka miaka 15 kuwa umri wa chini wa kawaida wa kuajiriwa, na kazi za hatari unazifungia mpaka miaka 18. Kazi inayofanywa shuleni kwa ajili ya mafunzo mkataba huo hauihesabu kuwa ajira. Hata hivyo, sitaki tujifiche nyuma ya kifungu hicho. Hakuna kitakachotengenezwa kambini kitakachouzwa kwa faida ya mtu yeyote. Mashine za umeme za kukatia zitatumiwa na mafundi watu wazima peke yao; vijana watatumia zana za mkono, tena wakiwa chini ya macho ya fundi. Na kwa kuwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza, mchana wa kila siku una saa za michezo ambazo hazitaliwa na kazi, hata kama rafu haijakamilika.

Usingizi nao nauwekea mkazo. Vijana wa rika hili wanahitaji saa 8 hadi 10 kila usiku, na wengi wao hawazipati kwa sababu ya simu. Simu zitakusanywa kabla ya taa kuzimwa na kurudishwa baada ya usafi wa asubuhi. Tafadhali msimpe mtoto simu ya pili ya kuficha. Anayetumia dawa alete maelezo ya daktari, na dawa zikabidhiwe kwa muuguzi wa kambi siku ya kuripoti.

Mtoto mwenye ulemavu asiachwe nyumbani kwa kudhani kambi haimfai. Njooni tuzungumze mapema ili tupange kazi na malazi pamoja naye. Anayezuiwa na gharama vilevile aje ofisini kwangu; mazungumzo hayo yatabaki kati yetu wawili.

Akirudi, nawaomba jambo moja zaidi. Mwachieni kazi moja ya nyumbani iwe yake kabisa, ambayo asipoifanya familia nzima itaona pengo. Msimkumbushe kila saa, wala msiifanye kwa niaba yake akichelewa. Kuna mama aliyenisimulia jinsi ilivyomwia vigumu kukaa kimya siku ambayo mwanawe alisahau kazi aliyopewa na nyumba nzima ikasumbuka. Alikaa kimya. Kijana mwenyewe aliomba radhi mezani mbele ya wadogo zake, na kazi hiyo haijasahaulika tena.

Fomu ya ridhaa imeambatishwa pamoja na ratiba, gharama na orodha ya vitu vya kuleta. Ijazwe na mzazi au mlezi na mtoto kwa pamoja, kwa sababu sehemu ya mwisho, inayouliza anataka kujifunza nini na anaogopa nini, inapaswa kuandikwa kwa mkono wake mwenyewe. Irudishwe kwa mwalimu wa darasa kabla ya siku ya kufunga shule. Nitakuwepo ofisini siku hiyo mpaka mzazi wa mwisho aondoke, kwa yeyote mwenye swali.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu