Kijana akikataa kahawa msiseme ana nyodo

Ndugu mhariri, asalaam aleikum. Naomba kanafasi gazetini kwako maana hili jambo limeniuma na wanaohusika ni wasomaji wako kabisa, gazeti lenyewe linasomwa hapo hapo barazani kwa zamu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, alisoma Nairobi na huko akajiunga na wale wanaoitwa Wamormoni. Majuzi kaja Tanga kutusalimia. Jioni nkamchukua mpaka kibarazani kwetu Ngamiani, muuza kahawa kapita na dele lake, mzee mmoja wa heshima zake akamlipia kikombe, akampa kwa mkono wake mwenyewe na kipande cha kashata. Kijana kapokea kashata, kikombe kakirudisha kwa mikono miwili, "samahani babu, kahawa situmii". Baraza zima kimya. Kulipokucha mtaa ushajaa habari, mtoto wa fulani kaja na nyodo, wengine wakaongezea eti kaingia dini ya kuoa wake kumi, eti frimasoni. Dada yangu alilia.

Jamani si nyodo. Wana kitu wanaita Neno la Hekima, Joseph Smith alilitoa mwaka 1833, miaka 3 tu tangu aanzishe kanisa lao kule Marekani, kwamba pombe hapana, tumbaku hapana na vinywaji vya moto hapana, na hivo vya moto kwao maana yake chai na kahawa, sio kwamba uji wa moto hawanywi. Sisi tukialikwa kwa watu tukakataa nguruwe tunataka tueleweke, sasa huyu kakosa nini?

Hiyo ya wake wengi ilikuwepo kweli na Smith mwenyewe alioa wengi, lakini 1890 rais wao Wilford Woodruff akatangaza iachwe na leo muumini akiongeza mke anafukuzwa. Wanaoendelea nayo huko Marekani ni vikundi vilivyojitenga. Hata jina Mormoni siku hizi hawalitaki, tangu 2018 wanasisitiza waitwe kwa jina refu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho.

Siwapigii debe, mi Muislamu na nitabaki Muislamu. Nilimkalisha nkamuuliza, mwanangu, hawa si ndio waliwanyima watu weusi ukuhani? Hakuzunguka. Akasema ndio mjomba, zaidi ya miaka 100, mpaka Juni 1978 ndo mwanaume mweusi akaruhusiwa, na yeye linamuumiza mpaka leo ila kabaki kwa sababu anaona kanisa ni lake pia. Mi bado halijanishuka kooni hilo. Lakini nilimheshimu kwa kunijibu kweli, na ndo nachowaomba wenzangu, muulizeni mwenyewe kabla ya kupeleka maneno sokoni, maana vijana kama yeye wataongezeka tu, Nairobi wameshafungua na hekalu 2025.

Na mkimuuliza mtakuta mengi hayako mbali na yetu. Jumapili ya kwanza ya mwezi wanafunga, ile pesa ya chakula wanatoa kwa masikini. Ukoo wanauthamini mno, siku tatu alikaa na bibi yake anaandika majina ya wazee wetu mmoja mmoja mpaka wale waliotoka Pangani ambao hata mi nilikuwa siwajui.

Bibi yake sasa anamchemshia mchaichai wa pale uani, maana ule sio majani ya chai na kwao ruksa, anakunywa vikombe viwili na mkate wa kumimina. Mwezi wa 12 anarudi. Muuza kahawa nimeshaongea naye, siku hizo atabeba na chupa ya mchaichai, na yule mzee wangu namuomba kupitia gazeti hili amkaribishe tena pale kibarazani, kijana kila akipiga simu anamuulizia.

Mjomba mtu,
Ngamiani, Tanga