Tusome pia kanuni za wodi, si mapambano tu

Mhariri,

Wengi huisoma One Flew Over the Cuckoo's Nest, riwaya ya Ken Kesey ya mwaka 1962 kuhusu hospitali ya wagonjwa wa akili huko Oregon, Marekani, kama ndondi kati ya McMurphy, mgonjwa mpya mkaidi, na Ratched, muuguzi anayeitawala wodi. Nawasihi waanze na lile daftari la wodini. Mgonjwa akisikia mwenzake ametamka jambo la siri, analiandika humo; baadaye kwenye mkutano wa wodi linageuzwa silaha. Hakuna fimbo hapo. Wanachungana wenyewe.

Halafu ile kura ya kubadili ratiba ili watazame besiboli kwenye televisheni. Mara ya kwanza mikono ni michache. Mara ya pili inapanda yote 20 ya wagonjwa wanaotarajiwa kupona, lakini muuguzi anawahesabu hata wasiojitambua: wodi ina watu 40, hivyo wingi haujatimia. Bromden, mgonjwa anayejifanya bubu na kiziwi, anainua mkono wa 21. Wanaambiwa mkutano ulishafungwa! Kanuni imefuatwa, na ndiyo maana inauma.

Linalorukwa mno ni hili: wengi wa wagonjwa hao wamelazwa kwa hiari yao, mlango uko wazi. McMurphy ni mmoja wa wachache waliozuiliwa kisheria. Mgonjwa mwenzake, Billy Bibbit, analia kwamba angetoka kama angekuwa na ujasiri. Walimu, kaeni na wanafunzi kwenye ukurasa huo kipindi kizima, kabla ya kuukimbilia upasuaji wa ubongo anaofanyiwa McMurphy mwishoni.