Barua kwa vijana wapiga besi wa Nyanda za Juu Kusini

Wanangu mnaopiga besi kwenye kwaya na bendi za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe,

Kamwene. Nawaandikia kwa sababu mnapungua. Nikienda kwenye mkesha au tamasha la kwaya siku hizi, besi inapigwa na kijana wa kinanda kwa mkono wa kushoto, na yule aliyekuwa ameshika gitaa la besi mwaka jana anagombania solo na wenzake. Nikiuliza kulikoni, jibu ni lilelile: besi haionekani. Mwingine ananiambia alipewa besi kwa kuwa solo ilimshinda, kwa hiyo anangoja tu nafasi ya kuhama.

Hilo linaniuma, na sitalinyamazia.

Kuna mtu nataka mumjue. Anaitwa Ron Carter, Mmarekani mweusi, mpiga besi wa jazz aliyezaliwa Mei 4, 1937 katika mji wa Ferndale, jimbo la Michigan. Chombo chake cha kwanza kilikuwa chelo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, na alianza nayo akiwa na miaka kumi. Alipofika sekondari mjini Detroit aliona nafasi nzuri za kupiga zinawaendea wenzake weupe, na kwa uwezo hakuwa nyuma yao. Akahamia besi, ile kubwa ya mbao inayosimama sakafuni, ndefu kama mtu mzima. Aliona huko ndiko atakakohitajika.

Alisoma. Hapa nawaomba mtulie, maana wengi wenu mnaamini kipaji kinatosha. Alihitimu chuo cha muziki cha Eastman mwaka 1959, kisha akachukua shahada ya pili Manhattan School of Music mwaka 1961. Ndoto yake ilikuwa okestra za muziki wa Kizungu. Akiwa chuoni, Leopold Stokowski, kiongozi wa okestra ya Houston, alimsifu kwa upigaji wake, kisha akamweleza kwamba Houston hawakuwa tayari kumpokea mtu mweusi. Fikirieni kijana anaambiwa hivyo na mtu mkubwa kiasi kile! Mlango wa okestra ulifungwa kwa rangi ya ngozi, na hakuna mazoezi yanayoweza kuufungua mlango wa namna hiyo. Lakini elimu yote ile aliingia nayo kwenye jazz. Kuanzia 1963 hadi 1968 alikuwa kwenye bendi ya Miles Davis, mpiga tarumbeta mkubwa wa jazz, pamoja na Herbie Hancock kwenye piano na Tony Williams kwenye drams, ambaye alijiunga akiwa na miaka 17 tu.

Sasa nieleze alichokuwa akifanya mle, kwa sababu ndicho ninachotaka mkishike. Chukueni solfa yenu ya kwaya. Sauti za juu zinaimba do, mi, so. Wewe chini ukipiga do, wimbo umetulia, umefika nyumbani. Ukipiga mi, sauti ni zilezile lakini wimbo unataka kuendelea, haujaridhika. Ukipiga la, huzuni inaingia, na hakuna mwimbaji hata mmoja aliyebadilisha noti yake! Nani ameibadilisha habari ya wimbo? Ni wewe, uliyesimama nyuma karibu na spika. Waumini hawatajua ni nani, ila watajua kwamba kuna kitu kimewagusa. Ron Carter aliielewa nguvu hiyo kwa kina. Katika mwendo wa jazz wa besi ya kutembea, mpigaji anaweka noti moja kwa kila pigo, nne kwa nne, na ile ya nne inamwongoza msikilizaji kwenye kodi inayokuja, yaani lile fungu la noti zinazopigwa pamoja. Hancock akiwa na kodi mkononi, Carter aliweza kuchagua noti ya chini ambayo haikutarajiwa, na bendi nzima ikageuka naye.

Ndiyo maana alitafutwa. Mwaka 2015 Guinness World Records walimtambua kuwa mpiga besi aliyerekodiwa zaidi katika historia ya jazz: rekodi 2,221. Watu hawamwiti mtu studio mara zote hizo kwa huruma. Alifundisha pia kwa miaka mingi City College ya New York, na mwaka 1991 vijana wa hip hop, A Tribe Called Quest, walimwita apige kwenye albamu yao.

Hapa kwetu Iringa ilikuwa na Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, iliyovuma miaka ya 1980. Waulizeni wazazi wenu: watawatajia waimbaji bila kusita. Wa besi watanyamaza. Lakini wekeni rekodi, kisha ondoeni sauti nzito kwenye redio, muone kama kuna atakayecheza. Kutotajwa kunauma, najua. Wanaopanga malipo nao hukusahau, kwa hiyo patana kabla ya shoo, na patana sawa na mpiga solo.

Kuhusu mazoezi sina mengi. Wimbo wowote mtakaoupokea kwenye kwaya, andika besi yake kwa solfa kwenye daftari, uiimbe bila gitaa hadi uijue, ndipo uipige. Asubuhi za Juni na Julai, hasa walioko Makete, pasheni vidole kwanza. Vidole vikikakamaa kwa baridi mnachelewa pigo bila kujua. Na jioni sikilizeni Maiden Voyage, albamu ya Herbie Hancock ya mwaka 1965, mkiifuata besi ya Carter peke yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Aliye karibu na Uyole anajua ninapopatikana. Aje Jumamosi mchana na daftari lake. Hata kama gitaa limebaki na nyuzi tatu, alete hivyohivyo. Za akiba ninazo.

Mzee wenu,
mpiga besi mstaafu, Mbeya