Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Viwanja Vyetu Kabla ya Masika

Ndugu wanachama, majirani zangu,

Tunakutana Februari, jua linachoma, na kila mmoja amejibana kwenye kivuli cha mwembe huu huu tulioulalamikia Desemba kwa kumwaga majani. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu, kwa hiyo ada siigusi, ila niseme tu kwamba mlinzi amelipwa na taa ya kona ya dukani inawaka. Mimi nitazungumzia maji, majani na hodi, maana hayo ndiyo yaliyonitoa kitandani mara nyingi zaidi mwaka huu.

Nianze na kosa langu. Goba yetu hii ya Dar es Salaam ni vilima, nyumba zimekaa moja juu ya nyingine, na yangu iko juu ya mama mmoja ambaye wote mnamjua. Fundi alinifungia gata, bomba la kushushia maji akalielekeza nyuma ya nyumba, nami nikamlipa bila kuzunguka kuangalia. Ikaja mvua ya kwanza ya Machi. Asubuhi mama akapiga hodi, hakufoka, akanichukua hadi kwake. Ukutani kwenye jiko lake la nje palikuwa na mstari wa tope, umenyooka kama umepigwa kwa rula, unanifika magotini. Mchicha wake umelala chini wote. Akaniambia, "Mwenyekiti, maji yako yamekuja kunisalimia." Sikuwa na la kujibu. Leo lile bomba linaingia kwenye tenki, na tenki likijaa, maji ya ziada yanakwenda kwenye shimo nililochimba na kulijaza kokoto na vipande vya tofali, yanyonywe taratibu ndani ya kiwanja changu. Shimo lilinigharimu siku mbili za kibarua. Ningelichimba mapema, nisingepeleka kuku wa kuombea radhi.

Nimesimulia hayo kwa sababu malalamiko mengi yaliyofika kwa kamati yanafanana na hili langu. Tangu mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 na masika ya 2024 iliyofuata, watu wameogopa, na mwenye hofu huchimba mtaro. Tatizo ni kwamba tunachimba mtaro ulionyooka kushuka mlima, na huo huyapa maji mbio tu. Mtaro uchimbwe ukikata mteremko, udongo utupwe upande wa juu uwe tuta. Wakulima wa Machakos, Kenya, wanafanya hivyo miaka na miaka na wanaita fanya juu. Tuta lenyewe lipandwe majani ya vetiva. Mizizi yake hushuka wima mita 2 hata 3, haitambai kwenda kwa jirani, na ukuta wako hautapasuka.

Sasa nyasi, na hapa najua nitagombana na wazee wenzangu. Tumelelewa kuamini kwamba uwanja msafi ni uwanja mweupe, umekwanguliwa kwa jembe na kufagiliwa kwa fagio la chelewa hadi mistari inaonekana. Kwenye tambarare, haya. Kwenye mteremko wa mchanga kama wetu, uwanja mweupe wa Februari ni korongo la Aprili. Mkishamaliza mkutano piteni pale chini ya kalvati mtazame ule mchanga uliojaa; umetoka kwenye viwanja vya watu hapa hapa. Ombi la kamati: fyekeni, msilime. Ukoka ukikatwa ukaachwa vidole viwili hivi, unashika udongo na nyoka hapati pa kujificha.

Nimetaja nyoka, basi nimalize. Kile kiwanja kilicholala kwa miaka, ambacho mwenyewe yuko nje ya nchi, kilifyekwa Novemba kwa siku moja, bila mtu kuambiwa. Panya na nyoka walihamia nyumba mbili za jirani jioni hiyo hiyo, na katika moja walikuwamo watoto wanaotambaa. Kufyeka lilikuwa jambo jema. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Kesho tunafyeka, fungeni milango." Tumekubaliana na msimamizi wake kwamba safari ijayo atapita nyumba kwa nyumba siku moja kabla.

Hodi hiyo hiyo iende na panga. Tawi la jirani likikuangukia upande wako, mwambie kwanza, kisha mkate pamoja. Mwaka huu mwarobaini wa watu ulikatwa mwenyewe akiwa kazini, na mpaka leo familia hizo mbili zinapishana njiani kama hawajuani. Na embe likianguka kwako? Kamati imekataa kutoa uamuzi. Kuleni.

Majani makavu yasichomwe asubuhi watu wakiwa wameanika nguo, na ikiwezekana yasichomwe kabisa. Shimo la mboji kwenye kona ya kiwanja linayamaliza, na mwakani unalo la kuweka kwenye mchicha. Mashine ya kukatia nyasi isiwashwe kabla ya saa 2 asubuhi, na Jumapili ipumzike.

Mbu wa dengi hawahitaji mtaro mchafu. Wanapenda maji safi yaliyotuama kwenye ndoo, tairi, kisahani cha ua, na wanauma mchana. Mnaikumbuka milipuko ya homa hiyo ya 2014 na 2019 hapa Dar es Salaam. Mayai yao hugandia ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua, kwa hiyo kumwaga maji pekee hakutoshi, sugueni chombo kwa brashi kila wiki.

Na wale wanaotapisha choo mvua ikishika, wakidhani giza na ngurumo vinawafunika: tunaoishi chini tunajua, ndugu zangu. Pua hazilali. Sitataja mtu leo, ila kamati imekwisha kubaliana kwamba atakayekamatwa tena jina lake linakwenda kwa afisa afya wa kata, hata akiwa mjumbe wa kamati.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu ni siku ya usafi kama kawaida, na safari hii tutafanya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kuzibua kalvati kabla halijafurika. Tuanze saa 1 kamili. Kila nyumba ilete mtu mmoja na jembe au koleo. Chai na mihogo vitatoka kwa yule mama wa chini yangu, amejitolea mwenyewe. Mwenye toroli aje nalo, la kwangu lina pancha.